Nusu Saa ya Kugeuza Kanisa

Jumatatu, 3 Februari

Mzee wa Funguo anaacha kazi. Magoti yamemshinda. Ametunza kanisa letu miaka thelathini na mmoja, sasa anahamia kwa binti yake, na leo tangazo limebandikwa mlangoni: anatafutwa mtunza kanisa mpya. Nimelisoma mara nne. Mara ya tano nilijifanya nafunga kiatu.

Naitaka kazi hii. Tangu nimalize shule sijataka kitu kingine namna hii.

Kanisa ni moja, madhehebu mawili. Waanglikana wanasali saa moja na nusu hadi saa tatu. Wamethodisti wanaingia saa tatu na nusu. Katikati kuna nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo mtunza kanisa anageuza kanisa. Mito ya kupigia magoti inaingia sandukuni, vikombe vidogo thelathini na sita vya ushirika vinatoka kabatini. Kitambaa cha kijani kinaondoka, cheupe kinatandikwa. Namba za nyimbo zinabadilishwa ubaoni, maana vitabu ni viwili. Meza ni ileile, ila hadi saa tatu ni madhabahu na baada ya hapo ni meza. Kazi ya mikono tupu. Kitambaa hakikuulizi habari za nyumbani.

Nisipoipata, naenda kwa Mjomba. Mjomba, kaka yake Mama, anauza vyombo vya plastiki sokoni. Jana alisema binti aliyemaliza shule akikaa tu nyumbani anaota kutu, kwa hiyo kuanzia Jumatatu ijayo nisimame mbele ya meza yake na kipaza sauti niite wateja. Kipaza sauti! Mimi, ambaye darasani nilikuwa naitikia jina langu mwalimu akiwa ameshafika majina matatu mbele. Leo nimejifungia chumbani nikajaribu kusema "ndoo, beseni, jagi" ndani ya mto. Mama akaja kuuliza kama tumbo linaniuma.

Kamati inakaa Jumamosi. Watatu wa huku, watatu wa huko. Kila upande utaleta jina moja, na kila upande umeshaapa kulikataa la wenzao.

Ila mimi nina kitu ambacho wengine hawana. Baba ni Mwanglikana. Mama ni Mmethodisti. Tangu nizaliwe nasali ibada zote mbili kila Jumapili, kwa sababu sikuweza kumwambia yeyote kati yao kwamba siendi. Nasamehewa dhambi mara mbili kwa wiki na bado sina amani.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Februari

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza kwa Waanglikana: mimi ni binti wa fundi saa, nimelelewa kwenu. Ya pili kwa Wamethodisti: mimi ni binti wa mshonaji, nimelelewa kwenu. Hakuna uongo hata mmoja. Nimekagua neno kwa neno.

Ya kwanza nilimpelekea Shangazi, dada yake Baba, ambaye ndiye mkubwa wa Waanglikana kwenye kamati. Nilikusudia kuipenyeza chini ya mlango nikimbie. Mlango ukafunguka nikiwa nimeinama. Nikaamkia miguu yake. Akaisoma palepale, akaniangalia juu ya miwani.

"Wewe ni wetu au si wetu?"

Nikasema ndiyo, Shangazi. Akasema hilo si jibu, lakini litatosha.

Mchungaji wa Wamethodisti nilimkuta uani anaziba pancha ya baiskeli. Akasoma kwa mkono mmoja. Akauliza, na huko kwa baba yako je, wana habari? Nikakohoa. Akanipa maji, akasema vizuri, basi hawana habari.

Narudi, nakutana na Redio bombani. Tulisoma darasa moja. Tulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Baba yake ana mashine ya kusaga, na yeye alijifunza kuzungumza juu ya kelele zake. Naye anaitaka kazi! Ameshamwambia Mchungaji, ameshawaambia watu wote wa bombani. Akaniuliza mimi nina mipango gani. Nikasema nafikiri-fikiri. Akasema nisifikiri sana nisije nikaunguza sufuria.

Halafu akasema jambo ambalo limeninyima hamu ya chakula. Eti kazi ile si kutandika vitambaa. Saa tatu Waanglikana hawatoki. Wanasimama katikati ya njia wanaulizana habari za wagonjwa. "Wewe utawatoaje, dada? Kwa kuwatazama?"

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Jumatano, 5 Februari

Mzee wa Funguo amenikubalia nijaribu. Kanisa lilikuwa tupu. Nilikuwa na saa ya mkononi ya Baba.

Mara ya kwanza: dakika hamsini na mbili.

Mara ya pili: arobaini na nne, ila niliacha mito sita madhabahuni. Mezani, nilitaka kusema.

Mara ya tatu: thelathini na tano. Kikombe kimoja kilibiringika chini ya kinanda. Nilikitoa kwa rula.

Mzee alikaa kwenye benchi la mbele akitafuna kijiti. Alinionyesha saa kubwa ya ukutani, iliyo juu ya mlango wa nyuma, na maandishi ndani ya fremu chini yake. Nimeyaona maisha yangu yote, sikuwahi kuuliza. Kumbe zamani saa ya kasisi na saa ya mchungaji zilipishana dakika saba, na wazee wetu wakanuniana kwa dakika saba hizo kuanzia mvua hadi mavuno. Ndipo wakaandikiana mkataba: saa ya ukutani ndiyo saa. Hata ikikosea. Isemalo ndilo. Kila mwezi Baba huipandia ngazi na kuitia mafuta, kazi aliyopewa na pande zote mbili. Ndicho kitu pekee wanachokubaliana wote, kwamba saa ile hupewa Baba.

Wakati wa kuondoka Mzee akaniambia vitambaa nitavizoea, kazi yenyewe ni watu. Nisipoweza kumwambia mtu toka, wakati umekwisha, funguo zitanielemea. Nikamshukuru. Njia nzima nilifikiria maneno yake, na namna ya kuyakwepa.

Alhamisi, 6 Februari

Baba ameniita kwenye meza yake ya kazi. Alikuwa na lenzi jichoni, hakuitoa, kwa hiyo jicho moja lilikuwa kubwa kama la samaki. Akanong'ona: upande wetu wamekupitisha wewe. Usimwambie mama yako, hadi Jumamosi.

Baada ya saa moja Mama akaniita nishike kitambaa apime. Pini zikiwa mdomoni akasema: upande wetu wamekupitisha wewe. Usimwambie baba yako.

Imefanikiwa! Imefanikiwa mara mbili! 

Chakula cha jioni. Baba anatabasamu kwenye sahani yake. Mama anavumisha wimbo. Kila mmoja ana nusu ya siri, na mimi ninazo zote mbili. Nimekula vijiko vitatu.

Ijumaa, 7 Februari

Redio amesikia kwamba Mchungaji hakulipeleka jina lake. Alikuja hadi dirishani kwangu. Nilikuwa chini ya dirisha, nimeinama, lakini alijua. Akazungumza na pazia. Alisema Mchungaji amemwambia Waanglikana hawawezi kumkubali yeye hata kwa dawa, kwa hiyo wametafuta mtu mpole, mwenye baba huko. Akasema hana kinyongo. Akasema tena kwamba hana kinyongo, safari hii akiwa barabarani, na nadhani hata wenye mashine walimsikia.

Nimejaribu kuona pale ambapo mpango unaweza kuharibika. Waanglikana watataja jina langu. Wamethodisti watataja jina langu. Majina yanalingana. Kikao kinafungwa kwa sala. Sioni tatizo. Nimetafuta mchana kutwa.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeliona tatizo.

Mzee wa Funguo amekuja mwenyewe kunieleza, na magoti yale. Yeye alikuwamo, anafungua na kufunga milango. Shangazi alisema, sisi tuna jina moja. Mchungaji akasema, nasi tuna moja. Wakabadilishana karatasi. Wakasoma.  Mzee anasema alisikia mchwa ndani ya kabati.

Halafu kila upande ukaomba dakika kumi.

Waanglikana walitoka nje hadi kwenye tangi la maji. Shangazi akauliza, tangu lini wale wanataka tunachokitaka? Lazima kuna kitu wamekitia ndani ya mtoto huyu. Wamethodisti walibaki kwenye chumba cha mavazi. Nao wakaulizana, mbona wamekubali upesi hivyo? Miaka thelathini tumegombana hadi rangi ya ndoo ya kudekia. Wamekwisha kumteka binti wa mshonaji.

Hawakunikataa. Hawakunikubali. Wameamua kesho, katika ile nusu saa, waumini wote wa pande mbili wakiwapo, nisimame mbele niseme kwa kinywa changu mimi ni wa upande gani. Nikishindwa, kazi ni ya Redio. Hata Waanglikana wamekubali. Shangazi alisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na zimwi hili tunalijua, tunalisikia kila siku.

Kusimama. Mbele. Kwa kinywa changu.

Nikisema Mwanglikana, Mama atashona kimya mwaka mzima. Nikisema Mmethodisti, Baba ataiweka lenzi jichoni asiitoe. Nisiposema kitu, ndoo, beseni, jagi.

Nimemuuliza Mzee kama mtu anaweza kujibu kwa maandishi. Amesema hapana. Waliliwaza hilo. Wananifahamu.

Saa kumi na moja jioni. Sikiliza, shajara. Swali litaulizwa katika nusu saa. Kama nusu saa haipo, swali halipo.

Jumapili, 9 Februari



Niliketi benchi la mwisho, chini ya saa. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Kioo cha saa ile kilivunjika zamani, mishale iko wazi. Kasisi alimaliza saa tatu kamili, kama kawaida yake, akasema tufumbe macho kwa sala ya mwisho. Wote wakafumba. Naye akafumba. Nikanyanyuka. Nikaufikisha mpini wa ufagio kwenye mshale mrefu, nikausukuma taratibu, pole pole, kuanzia kumi na mbili hadi sita.

Saa tatu na nusu. Nusu saa imekwisha! Waanglikana watatoka, Wamethodisti wataingia, hakuna wakati wa maswali.

Saa ile hugonga mara moja kila ifikapo nusu. Nimeisikia ikigonga tangu nikiwa mgongoni mwa Mama. Sikuikumbuka hadi ilipogonga.

Macho yote yakafumbuka. Mimi nilikuwa nafagia.

Na Wamethodisti wote walikuwa uani, wamewahi, kwa ajili ya swali langu. Wakasikia mlio. Mkataba ni mkataba. Wakaingia wanaimba, maana wao huingia na wimbo, na Waanglikana walikuwa wanatoka wanaimba, maana wao hutoka na wimbo. Nyimbo mbili zikakutana mlangoni na hakuna uliokubali kupisha. Watu wakabanana hadi kwenye madirisha. Mtu alikalia sanduku la mito. Kasisi alisema saa yake ya mkononi inasema saa tatu na dakika nne. Mchungaji alisema hata yake inasema hivyo hivyo, lakini saa ya ukutani ndiyo saa, na kitambaa cha nani hicho kwenye meza yao? Kila mtu aliona kwamba saa imekosea. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuvunja mkataba.

Kwa hiyo, badala ya kunisahau, waumini wa pande zote mbili walikuwa ndani ya chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Ndicho nilichokifanikisha.

Ndipo Shangazi akamwita Baba.

Baba akapita katikati ya watu. Alivaa koti lake la Jumapili. Akaitazama saa juu, akaitazama ya mkononi, akaitazama tena ya juu.

"Saa yangu hairuki," akasema. Kwa sauti ndogo.

Mtu nyuma akasema fundi amezeeka. Mwingine akasema hata mwezi jana aliona inasitasita. Mwingine, Mmethodisti huyu, mteja wa Mama wa miaka mingi, akasema labda kazi hiyo sasa apewe fundi wa mjini.  Vidole vya Baba vilikuwa vinatafuta kitu kwenye mfuko wa koti na hakuna kitu mle. Akaanza kusema kwamba pengine, alipotia mafuta mara ya mwisho, pengine yeye mwenyewe...

"Ni mimi, Baba! Ni mimi na ufagio."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Iligonga ukuta wa mbele ikarudi. Hata kinanda kilivuma kidogo.

Wakageuka wote. Ufagio ulikuwa bado mkononi, hivyo hapakuwa na haja ya ushahidi. Shangazi akauliza kwa nini, na sauti ikawa imeshanikimbia, nikamwambia Baba na Baba akawaambia wengine: alifanya hivyo asiulizwe. Mchungaji akasema basi sasa ameulizwa. Binti, wewe ni wa nani?

Nikamtazama Baba. Nikamtafuta Mama, nikamwona amebanwa karibu na ubao wa nyimbo, mkono kifuani. Nilikuwa nimefikiria majibu kumi na moja usiku wote na yote yalikuwa ya ujanja. Hakuna hata moja lililokuja.

"Mimi ni wa ile nusu saa," nikasema. "Ya katikati."

Hakuna aliyecheka. Mzee wa Funguo ndiye aliyesema, akiwa amekaa, kwamba hata yeye miaka thelathini na mmoja hakujua kwingine.

Mama akajisukuma hadi alipo Baba, akaketi benchini, akamvuta koti naye aketi. Sijawahi kuwaona wameketi pamoja kanisani. Walikaa kama wageni kwenye chumba cha daktari, lakini walikaa.

Kamati ilisimama chini ya kinanda. Nilisikia vipande. Shangazi alisema mtoto aliyekiri hadharani vile amelelewa kwao. Mchungaji akasema hapana, kukiri vile ni malezi ya kwao. Wakaanza kushukiana upya. Aliyewaokoa ni Redio. Alipanda juu ya benchi bila kuombwa, akasema Waanglikana mlango wa kushoto, Wamethodisti wabaki walipo, wagonjwa waulizwe nje, asanteni. Kanisa likawa tupu upande mmoja ndani ya dakika mbili. Kasisi alitoka na kitabu cha mtu mwingine.

Basi wakaamua. Miezi mitatu ya majaribio. Mimi nageuza kanisa, Redio anatoa watu. Baba akapanda ngazi akairudisha saa kwa mkono wake, watu wote wakimtazama, na aliposhuka yule mteja wa Mama alimshikia ngazi.

Nikaligeuza. Dakika ishirini na sita.

Nimepata kazi! Jioni Baba alinionyesha ndani ya saa moja mbovu, gurudumu kwa gurudumu. Hakutaja ufagio. Alisema tu kwamba nikitaka kitu, nikiseme. Ni jambo dogo, mwanangu, alisema, unafungua mdomo. Nimemwahidi. Nimeandika hapa ili nisisahau: kuanzia leo nitasema ndiyo yangu ikiwa ndiyo, na hapana yangu ikiwa hapana.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika sokoni, nyuma ya meza ya Mjomba.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya ibada Mjomba alinishika bega, akasema kumbe sauti ninayo, kipaza sauti hakihitajiki, kesho saa mbili. Nilikusudia kumwambia nimepata kazi. Nilifungua mdomo kabisa, kama Baba alivyoelekeza. Alikuwa amefurahi mno. Nikasema ndiyo, Mjomba.

Dakika moja baadaye Mchungaji na Shangazi wakanijia pamoja, kwa pamoja kabisa, wakasema kesho saa nne niende kukabidhiwa funguo na kusafisha hadi saa nane. Nikasema ndiyo.

Sasa ni saa nne kasoro dakika ishirini. Mjomba yuko upande wa pili wa njia, anabishana na mwenye mikokoteni. Amesema nisiondoke hapa hadi saa nane. Ningeweza kuvuka njia nimweleze. Ni hatua kumi na tano, nimezihesabu.

Badala yake nimepanga ndoo, kubwa chini, ndogo juu, hadi kimo changu nikiwa nimekaa. Juu nimefunika jagi. Nimelivika rundo zima mtandio wangu na sweta, nikaligeuza litazame chini kidogo, kama ninavyokaa. Nimerudi nyuma hatua nne kulikagua. Ni zuri sana.

Mteja mmoja ameshapita. Amelisalimia, akasubiri kidogo. Halikujibu. Akasema haya mwanangu, nisalimie mama, akaenda zake.